Kumwongezea mkataba chipukizi wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: pima hatari kabla ya kusaini

Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya drafti, yaani klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, huanza na mkataba wa miaka 4. Nafasi ya kumwongezea hufunguka baada ya msimu wa 3 na kufungwa Oktoba, kabla tu ya msimu wa 4 kuanza.

Anza na afya. Usihesabu tu mechi alizokosa. Uliza kilichoumia ni nini. Kidole kilichovunjika hupona na kusahaulika, lakini mfupa wa mguu wa mtu mrefu mara nyingi huumia tena. Joel Embiid alikuwa amecheza mechi 31 tu katika misimu 3 Philadelphia ilipompa miaka 5 mwaka 2017. Klabu ilijikinga kwa kifungu: akikosa mechi nyingi kwa majeraha yaliyotajwa, ya miguu au mgongo, ingeweza kumwacha kwa malipo pungufu. Hapo ndipo pa kukomaa na wakala, kuliko kwenye jumla ya dola.

Kisha mchezo wake. Pointi nyingi kwenye timu dhaifu hudanganya. Tazama mitupo huru, ile anayopewa baada ya faulo: anayefunga 80 kwa 100 ana mkono mzuri, na mtupo wa pointi 3 unaweza kufuata.

Kusubiri nako kuna gharama. Chicago na Jimmy Butler hawakuafikiana mwaka 2014. Msimu uliofuata akang'ara, na 2015 wakamsaini kwa zaidi ya dola milioni 90. Ukisubiri, unabaki na haki ya kumbakisha kwa kumpa sawa na ofa ya klabu nyingine, ila anaweza kukubali mkataba wako wa mwaka 1 kisha akaondoka huru.