Kabla hujawasha gari: ya kuweka sawa jioni ya kuamkia safari ya Malindi hadi Mokowe

Ukitoka Malindi alfajiri kuelekea Mokowe utavuka daraja la Sabaki, upite Gongoni na Marereni, ushike Garsen na Witu, na njiani usishangae kusimamishwa zaidi ya mara moja. Haya ninayoyaeleza ni ya kushughulikia usiku ule wa kufunga mizigo. Askari akishainama dirishani, muda wa kutafuta karatasi chini ya kiti umepita, na mtu anayehangaika hutishika upesi.

Anza na leseni. Tazama tarehe yake, kisha tazama kama inakuruhusu kuendesha gari la aina hiyo hasa. Wapo vijana wengi hapa wenye leseni ya gari dogo wanaoshikishwa usukani wa lori la mchanga. Halafu bima. Sheria ya Kenya ya Sura ya 405 inalazimisha bima ya kuwalinda watu wengine barabarani, na iliyokwisha jana haikusaidii leo hata ikiwa pesa umekwisha kumpa wakala. Gari la abiria lina mzigo zaidi: cheti cha ukaguzi, leseni ya kubeba abiria, beji ya dereva na ya utingo, na spidi gavana, yaani kifaa cha kuzuia gari lisizidi mwendo, inayofanya kazi.

Ndani ya gari hakikisha mikanda inafunga na tairi hazijawa vipara. Ziwemo pia zile pembetatu za tahadhari, ambazo watu huazima siku ya ukaguzi na kuzirudisha jioni. Kwenye kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kukosa pembetatu ni shilingi 3,000. Kutofunga mkanda ni 500, kushika simu ukiendesha ni 2,000, na kutobeba leseni ni 1,000. Bodaboda anayepakia abiria zaidi ya mmoja ni 1,000. Nazitaja kwa sababu dereva asiyejua kiasi halisi huambiwa chochote, naye huamini.

Mwendo ndio unaowaponza wengi. Mjini na kwenye vituo vya biashara mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na vituo vyetu vimekua: Gede na Gongoni leo watoto wanavuka mahali palipokuwa kichaka. Matatu, mabasi na malori hayapaswi kupita 80 hata barabara ya Garsen ikiwa nyeupe mbele yako. Ukizidisha kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo. Kuanzia 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo si kosa dogo tena.

Ukisimamishwa, egesha pembeni, salimia, toa leseni. Askari aliyevaa sare anatakiwa awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana. Isome na uikumbuke. Uliza kwa upole: kosa langu ni lipi? Una haki ya kujibiwa. Na usikunje noti ndani ya leseni. Sheria ya hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea, kwa hiyo hiyo "chai" inakuongezea kosa juu ya lile la kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Shemeji yangu alikamatwa Ijumaa alasiri na tuktuk yake, kwa kuwa leseni aliisahau nyumbani. Aliambiwa atalala ndani hadi Jumatatu, labda atoe 4,000. Alitoa, bila risiti. Angejua Kifungu cha 49 cha Katiba, asingetetemeka vile. Kifungu hicho kinasema ukikamatwa uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Unaweza kunyamaza. Unaweza kuwasiliana na wakili. Ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na zikiishia nje ya saa za korti au siku ambayo korti haikai, basi kabla siku ya korti inayofuata haijaisha. Hapo ndipo Ijumaa inapotumiwa kuwatisha watu. Lakini Kifungu hicho hicho kinakupa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa pawe na sababu nzito, na kinakataza kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Omba dhamana pale pale kituoni. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika utakapoitwa, hailipiwi. Ukitakiwa dhamana ya pesa, dai risiti.

Kortini Malindi nimeona wengi wakikubali kosa ili warudi kazini. Kama hukulitenda, likane. Kama Kiswahili cha karani kinakupiga chenga na lugha yako ni Kigiriama, omba mkalimani; hulipii.

Ajali ikitokea, simama, toa jina na anwani yako, na uripoti polisi mapema, isizidi saa 24. Ukidhulumiwa na askari, IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, hupokea malalamishi bila malipo; hapo ndipo ile nambari uliyoisoma kwenye sare inapofaa.

Andika kwenye karatasi nambari za wakili au ndugu wawili, kwa maana simu huzima. Ukifika Mokowe utaliacha gari gatini na kuvuka kwa boti kwenda Amu, yaani kisiwani Lamu. Ukibadilisha nguo huko, hamisha leseni kwanza. Ya shemeji ilibaki kwenye mfuko wa suruali ya jana.