Somo: Kumfuatilia babu aliyekuwa Keya, kuanzia sanduku la bibi

Ndugu zangu, Desemba inakaribia na wengi wetu tutapanda nyumbani. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kuitwa Keya, au ukutani kuna picha ya kijana aliyevaa kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, basi somo hili ni lako. Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki lililoundwa 1902. Midomo ya wazee wetu ililipa jina la kwetu na likakaa.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kutafuta jina. Jina ndiyo dhaifu kuliko vyote. Baba wa babu yangu aliondoka Kibosho hajabatizwa. Aliporudi akabatizwa, akapewa jina la mtakatifu, halafu watoto wake wakaandikishwa shule kwa jina la ukoo. Jeshini alikuwa na jina la utotoni na la baba yake, yote mawili yameandikwa na karani asiyejua Kichaga hata neno moja. Ukimtafuta kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako cha NIDA utatafuta mpaka uzeeke. Tafuta namba na kikosi.

Hatua ya 1: Sanduku

Kila nyumba ina sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi. Humo tafuta cheti cha kutoka jeshini, barua, picha, na medali. Namba ya askari inakili kama ilivyo, pamoja na herufi zilizotangulia kama zipo. Picha igeuze, maana nyuma huwa kuna muhuri wa mpiga picha au mji.

Medali za vita vya kwanza, ile ya fedha yenye mtu juu ya farasi na ile ya shaba yenye mwanamke mwenye mabawa, huwa na maandishi kwenye ukingo, pale ambapo shilingi ina michirizi: namba, jina, kikosi. Medali za vita vya pili alizotoa Mwingereza kwa askari wetu hazina jina. Nimeona watu wakizigeuzageuza wiki nzima na kioo cha kukuzia wakidhani jina limefutika. Halikuwahi kuandikwa. Zile nyota za shaba za pembe sita soma maneno ya katikati: The Africa Star ni Afrika, The Burma Star ni Bama, siku hizi Myanmar. Hapo umepata alikopigana, na hiyo si haba.

Tafadhali usisugue. Mimi niliisugua ya mzee kwa majivu na ndimu ing'ae kama sufuria ya sikukuu. Iling'aa kweli, na tarakimu ya mwisho ya namba ikafifia, hadi leo sijui kama ni 3 au 8. Weka tochi ubavuni, mwanga upite kando ya maandishi, piga picha kwa simu. Au bandika karatasi nyembamba na upitishe penseli juu yake.

Hatua ya 2: Wazee, lakini usiulize tarehe

Ukimuuliza bibi "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili umwache apumzike. Muulize alisimulia nchi gani, alikula nini, alimwita nani adui. Akisema Mtaliani, uko Uhabeshi, yaani Ethiopia, 1940 na 1941. Akisema Mjapani, msitu na mvua isiyokatika, uko Bama 1944. Akisema Madagaska, ni 1942. Cheo nacho kinasema: ombasha na shaushi vinakuelekeza kwanza kwa askari wa Mjerumani, koplo na sajini kwa Mwingereza wa baadaye. Lakini angalia, mtu mmoja angeweza kuwa vyote viwili. Mwaka 1917 Mwingereza aliunda batalioni ya 6 ya KAR akitumia askari waliokuwa wa Mjerumani. Kwa hiyo ukisikia shangazi wawili wanabishana kama mzee alikuwa wa Mjerumani au wa Mwingereza, huenda wote wana haki.

Hatua ya 3: Daftari la ubatizo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na sijaona wengi wakiitumia. Nenda parokiani au usharikani, uombe kwa adabu kuona kumbukumbu za watoto wote wa yule mzee, kisha pangilia miaka yao ya kuzaliwa kwenye karatasi. Kwa babu yangu mdogo nilikuta 1937, 1939, 1941, halafu kimya, halafu 1947. Pengo hilo ndilo vita. Mtoto wa 1941 alibatizwa, na mahali pa baba karani ameandika neno moja tu: hayupo. Nililikalia lile daftari muda mrefu kuliko Padre alivyopanga.

Kwa ndugu zetu Waarusha na Wameru ambao wazee wao hawakuwa kanisani, rika linafanya kazi hiyo hiyo. Jua alitahiriwa na rika lipi, kisha keti na wazee wa rika linalofuata wakukadirie miaka.

Hatua ya 4: Kikosi

Batalioni za Tanganyika ni rahisi kuzikumbuka kwa sababu namba zake huishia na 6. Batalioni ya 1/6, yaani ya kwanza ya namba 6, ilipigana Colito, Uhabeshi, Mei 1941, na mwaka uliofuata ikapelekwa Madagaska. Ya 26 na ya 36 zilikuwa Bama ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw na kufika mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Ila usidhani kila aliyevaa sare alishika bunduki. Wapo madereva, wapishi, watu wa simu, wauguzi na wachimba barabara, na hao walikuwa na vikosi vyao. Mtu wa Rombo naye angeweza kuvuka Taveta akajiandikishia Kenya.

Hatua ya 5: Nyaraka

Sasa ndiyo intaneti. Kama alifia vitani, hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni bure, nayo inahusu waliokufa Agosti 1914 hadi Agosti 1921, na Septemba 1939 hadi Desemba 1947. Aliyerudi akafia kwenye mgomba wake hayumo. Tafuta kwa kikosi na nchi, kisha soma majina kwa sauti, maana "Kimaro" iliyoandikwa na Mwingereza huitambui kwa macho, unaitambua kwa sikio.

Shajara za vita za vikosi ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: faili za WO 95 kwa vita vya kwanza, WO 169 kwa Uhabeshi, WO 174 kwa Madagaska, WO 172 kwa Bama. Kusoma hapo ni bure na kupiga picha kunaruhusiwa, kwa hiyo tafuta mpwa anayesoma kule. Mwambie mapema kwamba maofisa Wazungu wametajwa kwa majina na askari wetu kwa hesabu. Utapata siku kikosi kilipoamka, kilipovuka mto, kilipopoteza watu wanne. Jina la babu usilitegemee.

Dar es Salaam, nyaraka za Taifa zina mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza, pamoja na vitabu vya wilaya za Moshi na Arusha.

MASWALI

Mama wa Machame: Shikamoo mwalimu. Baba alikuwa anasema mdogo wake "alizama na meli ya Keya". Hatuna karatasi yoyote.

Marahaba mama, na pole. Anza na meli iitwayo Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tafuta kwenye hifadhidata kwa tarehe hiyo, ukipitia majina ya East African Artillery.

Kijana wa Sakina: Mangi, babu wa babu alikuwa mpagazi, si askari. Naye atapatikana?

Kaka, hapo ni pagumu na sitakudanganya. Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza pekee ni zaidi ya 40,000 kwa hesabu yake mwenyewe, na wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 Tume yenyewe ya makaburi ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakupewa kumbukumbu sawa na wenzao. Kariakoo ya Dar imebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, watu wao hawamo. Kwa mpagazi tegemea simulizi, na uzirekodi kwa simu mwaka huu.

Mdau wa Himo: Makaburi ya karibu yako wapi? Nataka kuwapeleka watoto.

Moshi mjini yapo, na ukivuka mpaka wa Holili unayakuta Taveta. Njiani waonyeshe watoto vilima vya Latema na Reata, palipopiganwa Machi 1916, siku chache kabla Mwingereza hajaingia Moshi.

Dada wa Ngaramtoni: Baba yangu ni wa JWTZ, alikwenda Kagera. Hatua ni hizi hizi?

Hapana dada. Huyo ana namba ya jeshi na karatasi za pensheni, na kama yuko hai anza naye mwenyewe. Kumbukumbu za JWTZ si za kuperuzi, ombi liandikwe na yeye au familia.

Mjukuu wa Marangu: Sanduku lipo. Bibi hataki lifunguliwe.

Basi lisifunguliwe. Mpelekee sukari na majani ya chai, ukae, usilitaje. Mimi ufunguo nilipewa safari ya tatu, na kabla ya hapo bibi alikuwa ameniuliza mara mbili kama nataka kuuza.