Somo: Kupanua eneo la fensi ya mbwa isiyotumia waya

Fensi hii ina transmita, yaani kifaa cha kutoa mawimbi kinachokaa ndani ya nyumba, na kola anayovaa mbwa shingoni. Swali linalorudi kila mara ni kama mtu anaweza kuongeza antena au ampu (kikuza nguvu) kwenye transmita ili fensi ifike mbali zaidi. Jibu langu ni hapana. Transmita hizi hazirushi mawimbi kama redio ya FM. Kola inasikia uga wa sumaku unaofifia haraka sana: umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki kama moja ya nane. Isitoshe, Marekani, ambako fensi hizi zimeenea, kanuni za FCC, shirika la serikali linalosimamia mawasiliano, zinaweka kikomo cha nguvu, na kukifungua kifaa na kukibadilisha ni kujitafutia matatizo.

Kumbukeni pia kwamba kola humpiga mbwa shoti pale mawimbi yanapodhoofika. Kukiwa na kivuli cha mawimbi, yaani mahali mawimbi hayafiki vizuri, katikati ya ua, mbwa ataadhibiwa nyumbani kwake bila kosa. Ndiyo maana naanza na mahali pa kuweka kifaa, kisha ndiyo tuzungumzie kununua cha pili.

Hatua ya 1: Rudisha umbali uliopotea. Fensi ya kawaida ya kampuni ya PetSafe hufika takriban mita 27 kila upande, na aina yao ya Stay & Play kama mita 32. Ukipata pungufu ya hapo, tafuta chuma. Friji, mashine ya kufulia, boila, mlango wa gereji, gari, paa la bati, vyote vinameza au kupinda mawimbi. Weka transmita ghorofa ya chini, juu ya meza au rafu ya mbao, angalau mita moja kutoka kwenye chuma kikubwa. Hakikisha swichi iko kwenye kiwango cha juu, si cha chini.

Hatua ya 2: Pima upya. Shika kola mkononi (usiivae, wala usiguse vile vichuma viwili vinavyotoa shoti), tembea kutoka nyumbani kwenda nje, na ikilia chomeka kibendera. Zunguka pande zote. Fanya hivyo kila unaposogeza transmita, hata kwa nusu mita.

Hatua ya 3: Ongeza transmita ya pili ya mfumo uleule. Hapa ndipo eneo linapopanuka kweli, na hapa ndipo watu wanakosea vipimo. Kila transmita inachora duara. Maduara mawili yanayofika mita 27 kila upande, transmita zikiwa mita 54 kutoka moja hadi nyingine, yatagusana kwenye nukta moja tu, na mbwa hawezi kupita hapo. Ukiziweka mita 35 kutoka moja hadi nyingine, unapata eneo la urefu wa kama mita 89, na kiuno chake katikati kina upana wa mita 41. Mbwa anapita kwa raha. Kwa kiwanja chembamba kirefu, hii ni suluhisho zuri kuliko yote.

Hatua ya 4: Mfundishe mbwa upya. Mpaka umehama, yeye hajui. Anza na mlio peke yake, ukiwa umemshika kamba, vipindi vifupi kwa wiki mbili hivi. Tafadhali msiruke hatua hii.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, transmita ya pili naiweka kwenye banda la mabati. Itafaa?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Bati litaifunika pande zote. Tafuta chumba cha mbao au cha matofali, palipo pakavu na pana soketi.

Swali: Nyumba yetu iko kwenye mteremko. Chini mbwa anaadhibiwa mapema kuliko juu.
Jibu: Ni kawaida, kwa sababu ardhi yenyewe inakatiza mawimbi. Jaribu kuiinua transmita kidogo au kuisogeza upande wa bonde. Mteremko ukiwa mkali, fensi ya waya wa kufukia ardhini itakutumikia vizuri zaidi, maana mpaka unafuata waya.

Swali: Niko Wales. Naweza kuagiza?
Jibu: Dada, usiagize. Kola za shoti zimepigwa marufuku Wales tangu 2010.

Swali: Mbwa wangu ana vidonda shingoni. Nimkaze kola ili ishike mawimbi?
Jibu: Mvue leo hii! Kubana hakuongezi umbali hata sentimita. Mwache apone kwanza, na vidonda vikiwa vibichi mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akishapona, asivae zaidi ya saa 12 kwa siku, uisogeze kola kila baada ya saa moja au mbili, na nafasi ya kidole kimoja ibaki kati ya kichuma na ngozi. Umeme ukikatika pia mvue, umfunge kamba mpaka urudi.