Waridi la jangwani halitoi maua? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Wateja wengi wakichukua adeniamu, yaani hili waridi la jangwani, kwangu wanarudi na swali lilelile, mbona hapa kitaluni imejaa maua ya pinki ila nikifika nayo home inabaki majani tu? Mara nyingi ni maji mengi na jua kidogo, basi. Huu mmea ni wa kwetu, unaota wenyewe porini sehemu kavu za Kenya na Tanzania mpaka Oman na Yemen huko, na kile kitako kilichovimba ndo tanki lake la maji, sasa we ukiumwagilia kila jioni kama mchicha unategemea nini?

Hatua ya kwanza, udongo. Hapa usiharakishe. Udongo mweusi wa bustani peke yake hapana, unashika maji. Mi nachanganya makopo mawili ya mchanga wa mtoni ule wenye punje kubwa, nimeuchekecha vumbi limetoka, kopo moja la chenga za mkaa au tofali la kuchoma lililopondwa, halafu kopo moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu. Mchanga wa beach usithubutu, una chumvi. Ukimaliza jaza kwenye chungu umwagie maji, yanatakiwa yapite yatokee chini hapohapo, yakituama juu ongeza mchanga. Chungu kiwe na matundu ya kutosha na kisiwe kikubwa sana, udongo usiofikiwa na mizizi unakaa na unyevu tu.

Hatua ya pili, kupanda. Kama mizizi imekatika uache mmea kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, ndo upande, na usimwagilie mpaka wiki ipite. Kitako kikae juu ya udongo, na kila ukibadilisha chungu kipandishe sentimita 2 au 3, ile mizizi minene inaanza kuonekana na ndo urembo wenyewe.

Hatua ya tatu, jua. Angalau masaa 6 ya jua la moja kwa moja, sebuleni sahau. Ila kama ulikaa kivulini uzoeshe pole pole, la sivyo kitako kinaungua upande mmoja na hilo kovu haliondoki.

Maji sasa. Chomeka kijiti mpaka chini, kikitoka kikavu mwagilia mpaka yatoke kwenye matundu, kikitoka na udongo umeng'ang'ania acha. Halafu jizoeshe kubonyeza kitako, kikiwa kigumu uko sawa, kikinywea kidogo kina kiu, ila kikiwa laini na kinatoa majimaji hapo kimeoza, ng'oa, kata mpaka ufikie nyama safi, anika kivulini mpaka kikauke kabisa ndo upande tena. Masika, Machi mpaka Mei, sogeza chini ya upenu. Walioko Nairobi, Arusha, Mbeya, mwezi wa sita na wa saba majani yakidondoka msipanic, mmea umelala, punguzeni maji sana na usiku ukikaribia nyuzi 10 muingize ndani.

Haya, maua. Yanatokea kwenye ncha za matawi, kwahiyo mmea wenye fimbo mbili ndefu utakupa vishada viwili hata uubembeleze vipi. Kata! Mvua zikiisha chukua wembe mpya uufute kwa spiriti, punguza kila tawi karibu theluthi, mkato uwe mshazari maji yasikae juu yake, paka unga wa mkaa, usiulowanishe siku kadhaa. Chini ya kila mkato yatachipua machipukizi mawili matatu, na hayo ndo yatakayobeba maua baada ya miezi kama miwili mitatu jua likiwa la kutosha. Vaa glavu ama nawa mikono vizuri, ule utomvu sio wa mchezo, Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi Tanzania, ndo wanaupika sumu ya mishale, kwahiyo watoto na mbuzi wakae mbali.

Mbolea usiweke urea, itakupa majani tu. NPK 17:17:17 kidogo sana, iyeyushe kwenye maji, mara moja kwa mwezi na ukiwa unakua tu, ukiwa umelala usiweke kitu. Vidukari wakivamia vitumba wapulizie maji ya sabuni jioni, viwavi okota kwa mkono.

Ukibahatika maua yakashika utaona vifuko viwili vya mbegu vimekaa kama pembe, vinachukua miezi kukomaa. Vifunge na kipande cha chandarua kabla havijapasuka, maana mbegu zina manyoya pande zote mbili na upepo ukipita zimeenda kwa jirani. Ukizipata zipande zikiwa mbichi hivyohivyo, zinaota ndani ya wiki moja hivi, na mti wa mbegu ndo unaotoa kitako kizuri, wa kukata tawi hautoi kama huo.