Jinsi ya kushika kipande cha piano kichwani kabla ya onyesho

Ukitaka kuwa mpiga piano wa klasiki kwa kazi kabisa, kupiga bila karatasi ya noti mara nyingi hukwepi. Wapiga piano Franz Liszt na Clara Schumann ndo waliizoesha hadhira kitu hiki karne ya 19, na mpaka leo mashindano ya piano ya Chopin pale Warsaw, Poland, yaliyoanza 1927, watu wanapiga bila noti.

Sasa usitegemee vidole tu, ukipata presha vinasahau. Piga mkono wa kushoto peke yake, polepole, bila pedali, na ukikwama kaa hapohapo, usirudi mwanzo kila saa manake utajua mwanzo tu! Pia chagua sehemu kadhaa ndani ya kipande unazoweza kuanzia muda wowote, ili ukipotea jukwaani unarukia ya mbele na muziki hausimami. Namba za vidole (kidole gani kinapiga noti ipi) ziandike kwa penseli mapema, usizibadilishe wiki ya onyesho, hii naisisitiza sana.

Mkono ukiuma acha, pumzika, mtunzi Robert Schumann, mume wa Clara, aliumia mkono wa kulia na upigaji wake ukaishia hapo. Halafu kipige kipande chako mbele ya mtu yeyote, hata mmoja, kwa sababu mwili unabadilika kabisa ukijua unasikilizwa.