Kugawana gharama za barabara ya kibinafsi: mwongozo kwa majirani wa Nairobi

Kabla ya kumwomba jirani hata shilingi moja, thibitisha kwanza barabara hiyo ni ya nani. Njia nyingi za Nairobi zinazoitwa za kibinafsi zilipatikana shamba kubwa lilipogawanywa kuwa viwanja, na kipande cha njia kikakabidhiwa umma, au kikabaki kwa mwenye shamba, au kikawekwa chini ya kampuni ya usimamizi ambayo kila mnunuzi ana hisa ndani yake. Ukizitazama, hali hizo tatu hazina tofauti: changarawe ni ileile, lango ni lilelile na bawabu ni yuleyule. Tofauti zimo kwenye ramani ya upimaji na kwenye hatimiliki. Upekuzi wa hatimiliki za Nairobi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, na mpima ardhi mwenye leseni anaweza kukusomea ramani na kukuonyesha kama njia yenu ilikabidhiwa serikali au la.

Ikiwa ni ya umma, mwenye jukumu ni serikali ya kaunti au Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Mnaweza kuchanga kwa hiari ili kuziba mashimo, lakini hamna msingi wa kumdai asiyechanga, wala wa kufunga lango. Ikiwa ni ya kampuni ya usimamizi, soma mkataba wako wa ununuzi au wa ukodishaji wa muda mrefu, kwa sababu aghalabu ada ya huduma imo humo na mjadala huwa mfupi. Wanaoishi kwenye majumba ya ghorofa wana Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, ambayo inalikabidhi shirika la wamiliki mamlaka ya kutoza michango. Hali ngumu ni ile ya njia ya kibinafsi isiyo na kampuni wala maandishi yoyote, na ndiyo mwongozo huu unaishughulikia kuanzia hapa.

Katika hali hiyo mtakutana na hoja mbili mapema. Ya kwanza ni ya jirani anayesema kwamba tayari analipa kodi ya ardhi kwa kaunti na ushuru wa barabara kila anapotia mafuta. Ni kweli analipa: tangu mwaka 2024 ushuru huo ni shilingi 25 kwa kila lita. Mjibuni kwa upole kwamba fedha hizo ni za barabara za umma, na kwamba hakuna greda la serikali litakaloingia kwenye njia ambayo kwenye ramani ni mali ya watu binafsi. Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba Kifungu cha 36 cha Katiba kinakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kamati nyingi za mitaa hujifanya hazikijui kifungu hiki, zikadhani kwamba kura ya wengi katika mkutano inamfunga hata yule ambaye hakuhudhuria na hakuwahi kuwa mwanachama. Msitegemee kura hiyo. Tafuteni saini ya kila mwenye kiwanja, na mzitafute kabla lori la kwanza la changarawe halijamwagwa, kwa maana barabara ikishatengenezwa, asiyetaka kulipa atapita juu yake bure na hana tena sababu ya kuketi nanyi.

Namna ya kugawa hesabu

Ugomvi mwingi unaoonekana kuwa wa ubahili huwa ni wa hesabu. Chukulia njia ya mita 300 yenye viwanja 12, na kazi ya shilingi 360,000. Mkigawa sawasawa, kila mmoja anatoa 30,000. Mwenye kiwanja cha kwanza, ambaye lango lake liko hatua chache kutoka barabara kuu, ataona anamtengenezea njia mtu wa mwisho, na hajakosea kabisa. Sasa igaweni njia katika vipande vitatu vya mita 100, kila kipande kikigharimu 120,000 na kikiwa na viwanja vinne, kisha kila kipande kilipwe na wale tu wanaokipita. Wanne wa mwanzo watatoa 10,000 kila mmoja, wanne wa kati 25,000, na wanne wa mwisho 55,000. Safari hii watakaolalamika ni wa mwisho, nao watauliza kwa nini walipe zaidi ya mara tano.

Maoni yangu ni kwamba mchukue nusu ya gharama mkaigawa sawasawa na nusu nyingine mkaigawa kwa vipande. Katika mfano huu, wa mwanzo watatoa 20,000, wa kati 27,500 na wa mwisho 42,500, na jumla inabaki 360,000. Nusu ya sawasawa ina hoja ya haki ndani yake, kwa kuwa maji ya mvua hayajui mpaka wa kiwanja. Kalvati iliyoziba pale makutanoni hurudisha maji juu, na mtaro uliofukiwa mbele ya nyumba ya juu humwaga tope mbele ya nyumba ya chini.

Zipo hali zinazohitaji marekebisho. Mwenye nyumba za kupangisha zenye familia nyingi na magari mengi ahesabiwe zaidi ya nyumba moja. Mwenye kiwanja kitupu apunguziwe, lakini asisamehewe kabisa, kwani thamani ya kiwanja chake inapanda pamoja na barabara. Anayejenga atozwe ada ya pekee, tena kubwa, kwa sababu malori ya mawe na mchanga huharibu kwa wiki chache kile ambacho magari madogo yasingekiharibu kwa mwaka mzima. Mpangaji msimdai, mdaini mwenye nyumba.

Mkutano, mkataba na kazi yenyewe

Fanyeni mkutano Januari, ili kazi imalizike kabla ya mvua ndefu zinazoanza Machi. Leteni makadirio ya mafundi wasiopungua watatu kwa kazi ileile iliyoelezwa kwa vipimo vilevile. Katika sehemu za mashariki, kama Embakasi na Ruai, mwulizeni kila fundi atafanya nini na udongo mweusi ulio chini, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Changarawe ikimwagwa juu yake bila kuchimba na kuweka msingi itazama ndani ya msimu mmoja tu, na hapo ndipo jirani aliyelipa mwaka jana hukataa kulipa mwaka huu.

Mkataba hauhitaji kurasa nyingi. Uandike namba za viwanja, kazi itakayofanywa, hesabu ya kila mmoja, tarehe za malipo, kitakachofuata mtu akichelewa, na jinsi fedha za dharura zitakavyotumika. Fedha ziingie katika akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wala zisipitie simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Malori yanapoanza kuingia, majirani wawili wasimame langoni kwa zamu, wahesabu kila mzigo, wapige picha ya namba ya gari na kutia saini karatasi ya dereva. Fundi asimaliziwe malipo yake kabla rola haijapita na maji hayajamwagwa katikati ya barabara ili kuona kama yanakimbilia mtaroni.

Jirani akikataa

Nenda kwake wewe mwenyewe, peke yako, kabla ya kuandika lolote. Ukituma ujumbe, uwe wake binafsi: “Habari ya jioni, Mama Achieng. Hesabu ya barabara tuliyokubaliana Jumamosi ni hii, na sehemu yako ni shilingi 20,000. Kama kuna jambo halijakaa sawa, naomba tuzungumze kabla fundi hajalipwa.” Kubandika orodha ya wadaiwa katika kikundi cha WhatsApp humpa mtu sababu ya kukasirika, na aliyekasirika hukumbuka matusi akasahau deni. Huenda ana shida ya ada za shule tu, na malipo ya awamu tatu yangetosha.

Mkishindwa, mwombeni mzee wa mtaa au chifu awapatanishe. Makubaliano yatakayofikiwa yaandikwe na kutiwa saini. Lisilofaa kabisa ni kumfungia lango au kuwazuia wageni wake. Mwenye haki ya njia hapotezi haki hiyo kwa kuwa na deni, na kamati inayomzuia inaweza kujikuta ndiyo inayoshtakiwa.

Kwa aliyetia saini kisha akakwepa, mpelekeeni kwanza barua ya madai yenye tarehe ya mwisho, pamoja na nakala za mkataba na risiti. Baada ya hapo ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, haimlazimu mtu kuwa na wakili, na kisheria inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Haisikilizi mabishano ya umiliki wa ardhi, kwa hiyo dai lenu libaki la fedha za mkataba. Madai ya mkataba hufa baada ya miaka sita. Kwa ambaye hakutia saini hata mara moja, sioni faida ya kwenda mahakamani. Pangeni bajeti bila yeye, na mlango wa kujiunga ubaki wazi.

Limebaki suala la viwanja vinavyouzwa. Saini ya muuzaji haimfungi mnunuzi kwa urahisi, isipokuwa haki ya njia na wajibu wa kuitunza vimesajiliwa kwenye hatimiliki zote, kazi inayohitaji wakili na idhini ya kila mmiliki. Hadi mtakapofika huko, mkiona bango la kuuza kiwanja, mwandikieni muuzaji mapema alipe salio lake, na mkataba wa barabara mumkabidhi mnunuzi kabla hajalipa bei yote.