Ile kaze ya rasi: Muhindi ao Muchina wa Lubumbashi anajaza je dosye ya inivasite ya Marekani

Kila mwaka kisha Egzeta (mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari) kuna vijana ba hapa Lubumbashi, Bahindi, Bachina, hata bametisi, banauliza kitu moya: mu ile kaze ya dosye kwenye banauliza rasi (asili ya muntu: Muzungu, Mweusi, Muasia), nikitia alama kwa "Asia" batanikatala? Juu basikia ku WhatsApp eti Harvard, inivasite ya nguvu ya Marekani, haipendi Baasia. Basi fanya hivi.

Kamata kwanza paspoti yako, njo iko na nguvu kupita sura yako. Kama ni ya Kongo, ya India ao ya Uchina na hauna kadi ya kijani (ruhusa ya kuikala Marekani siku zote), kule banakuhesabu kama mugeni wa inje, na mu statistike za serikali yao bageni beko na mulongo yabo peke, habagawanywe kwa rasi. Ile fujo yote ya Harvard na Baasia inahusu zaidi batoto benye bakomalia California na New York. Lakini kama uko na paspoti ya Marekani, hata kama ulikomalia hapa Lubumbashi mu kartye ya Golf, inakuhusu.

Fujo yenyewe: kikundi Students for Fair Admissions kilishitaki Harvard mu 2014, kikisema Baamerika ba asili ya Asia beko na mapointi ya juu ku masomo lakini banapewa nota ya chini upande wa tabia. Mu 2019 juge wa kwanza akapatia Harvard haki, kisha tarehe 29/6/2023 Korti ya juu ikageuza, ikasema rasi haiwezi tena kuhesabiwa. Bantu bakashangilia eti mulango imefunguka. Mu batoto benye baliingia 2024, ku inivasite ya MIT Baamerika ba Asia balipanda kweli, toka 40% mpaka 47%, lakini ku inivasite ya Yale balishuka toka 30% mpaka 24%, sasa muntu akikuuzia "siri" ya kuingia juu ya ile hukumu, chunga franga zako.

Kaze yenyewe, ku Common App (fomu moya ya ku internet yenye inivasite mingi zinatumikisha) si ya lazima, na toka Agosti 2023 inivasite inaweza kuchagua basomaji basiione kabisa. Jaza kweli ao uache, paka usidanganye. Metisi anaweza kutia alama mbili. (Balebano beko mu Asia ku karte, lakini kule babawekaka na bazungu, mpaka 2024 serikali njo iliamua kubapatia kundi yabo peke.)

Kwenye uko na kazi ya kweli ni redaksio yenye unaandika juu yako mwenyewe, maneno 650, haiwezi pita. Juge mukubwa John Roberts mwenyewe aliandika mu ile hukumu kama mwanafunzi anaweza kusema namna rasi iligusa maisha yake, ila ionyeshe moyo wake ao uwezo wake. Basi usiandike "mimi ni Muasia nafanya bidii", iyo basoma mara elfu. Andika vile unasema Kigujarati na bibi, Swahili na bafanyakazi ba magazini, Kifaransa ku masomo, na siku muteja alikataa bei wewe njo ulisimama katikati ukatafsiria pande mbili bila kuvunja heshima ya muntu. Andika vile banakuitaka "Muchina" mu njia na wewe unajibu na Swahili ya komini Kenya ya hapa Lubumbashi mpaka banacheka. Hapa uko mu bachache, kule mu zile inivasite za nguvu benye kufanana na wewe beko bengi, lakini benye bakomalia Lubumbashi ni bangapi?

Kisha franga, na hapa njo bantu banaanguka, si ku rasi. Inivasite mingi zinaangaria kama mugeni anaweza kulipa mbele zimukubali. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst haziangarie ile, lakini kuingia ni kazi nguvu sana, tuma dosye fasi ingine pia.

Common App inafunguka tarehe 1 Agosti, na dosye mingi zinafungwa mwanzo ya Januari. Omba prefe (mukubwa wa masomo) bulteni zako za pointi mbele ya vakansi kubwa, juu mu Agosti ofisi inakuwaka na kufuli, na bado unatafuta muntu wa kuzitafsiria mu Kingereza.